Kuku wa Kuondoa Haya

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Mwamba kilikuwa vidole vyake. Alikuwa mwanaume mkubwa wa mwili, mwenye mabega ya kubeba magunia na sauti ya chini, lakini ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana na kupauka kama za mwanamke anayefua nguo za watu. Madereva wa malori waliosimama kwenye mizani ya magari, pale barabara inapotoka Kolwezi kuelekea Fungurume, walimpitishia karatasi zao dirishani, wakaviona vidole vile, kisha wakamtazama usoni kana kwamba wanangoja maelezo. Mwamba alipima lori, akagonga muhuri, akaita lingine.

Vilikuwa vidole vya maji. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Kapata, alimwogesha baba yake.

Baba huyo, Tata Mathieu, alikuwa ameendesha treni ya kampuni ujana wake wote, akivuta mawe ya shaba kutoka machimboni hadi kiwandani, na nyumba waliyoishi ilikuwa moja ya nyumba za kampuni, zilizopangwa safu kwa safu, zikifanana kama mabehewa. Sasa magoti yalikuwa yamekwisha na mikono ikitetemeka. Aliweza kujikongoja kwa fimbo kutoka chumbani hadi kwenye kiti chake cha uani, na kutoka kitini hadi kwenye kibanda cha kuogea nyuma ya nyumba. Mengine yote alifanyiwa. Ulimi wake tu ndio uliobaki na nguvu za zamani.

"Maji iko baridi."

"Iko moto, Tata. Ona moshi yake."

"Basi iko moto sana. Unataka kuninyonyoa?"

Mwamba aliongeza maji baridi.

"Sasa iko baridi. Na unanisugua kama motere ya treni."

"Motere haisemi, Tata."

"Njo maana unaipenda."

Zamani maneno kama hayo yalimchoma. Alikuwa akienda kazini kifua kinawaka, akipanga njiani majibu ambayo hakuyatoa kamwe. Kisha, asijue ni lini hasa, mambo hayo yakakoma yenyewe. Mama yake alipofariki alishika jeneza upande wa mbele, akamwaga udongo, akarudi nyumbani, na kesho yake asubuhi akachemsha maji kama kawaida. Watu wa parokia walimsifu kwamba ana subira, naye aliwaacha waseme. Subira ni kazi, na ndani yake hapakuwa na kazi yoyote iliyokuwa ikifanyika. Moyo wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unaning'inia begani, lakini hata ukiguswa hausikii kitu.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini mkewe hakumsaidia. Jirani mgeni aliwahi kuuliza hivyo, na wenyeji walimtazama kama mtu aliyeingia kanisani na baiskeli.

Wazazi wa Tata Mathieu walitoka kaskazini mwa Katanga, na kwao mwanamke na baba wa mumewe huwekeana haya kubwa. Pale Kapata watu huiita bukwe. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hali naye, haingii chumbani mwake, hagusi mwili wake wala kitanda chake. Haya hiyo haikusudiwi kudumu. Siku moja, mara nyingi kabla ya mwaka wa kwanza wa ndoa kwisha, baba mkwe humwita mkamwana wake na kumpa kuku kwa mkono wake mwenyewe. Tangu saa hiyo mwanamke anakuwa kama binti aliyemzaa, tena zaidi ya binti: anaweza kumlisha, kumtandikia, na baba huyo akizeeka anaweza hata kumwogesha.

Tata Mathieu hakuwahi kumtoa kuku huyo. Simone alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka mingi, binti yao wa pekee, Joyeuse, alikuwa anakaribia kumaliza sekondari, na bado Simone alipotaka kuvuka ua alipiga makofi mawili, naye mzee akageuza kiti chake kuelekea ukutani. Kiti kilikuwa cha mabomba ya chuma, kilichoungwa katika karakana ya kampuni, na miguu yake ilikwaruza sementi kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya tatu. Simone akipita, kiti kilikwaruza tena kurudi. Majirani walisema mzee hakumpenda Simone, kwamba alikuwa amemchagulia mwanawe msichana mwingine. Mwamba alisikia hivyo mara nyingi hata akaacha kujiuliza kama ni kweli.

Mazungumzo yote kati ya mzee na Simone yalipitia kwa Joyeuse. Mjukuu hana haya na babu yake. Desturi inawaruhusu kutaniana, na hao wawili waliitana bibi na bwana, kama mke na mume, tangu Joyeuse alipoanza kusema. Nje ya utani Joyeuse alimwita kambo, yaani babu.

"Bibi yangu," mzee aliita mchana mmoja wa Jumapili.

"Bwana yangu unataka nini tena?"

"Ambia mama yako, sombe ya leo ni ya bagonjwa. Haina chumvi."

Simone alikuwa jikoni, mlango uko wazi, akisonga ugali, bukari yao, kando ya sufuria ya kisamvu. "Joyeuse, ambia kambo docteur njo alikataza chumvi."

"Kambo, mama anasema..."

"Nimesikia. Ambia mama yako docteur hakuli hapa."

"Mama, bwana yangu anasema..."

"Nimesikia."

"Basi mi niko hapa ya nini?" Joyeuse aliuliza. "Mi ni telefone?"

"Telefone inaomba kununuliwa unité," mzee alisema. "Weye unasema bure."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na wangeendelea hivyo kama si habari ya mizani. Mkuu wa kazi aliwakusanya wapimaji asubuhi moja na kuwaambia kwamba mizani ya Kolwezi itafungwa mwisho wa mwezi. Mashine na watu wote watahamia Fungurume. Huko mtu atalala kambini wiki tatu, kisha atarudi kwake wiki moja. Anayekubali aseme, asiyekubali ataagwa kwa heshima. Gari la kuwachukua litapita Jumatatu ya kwanza ya mwezi unaofuata, alfajiri.

"Unasema nini, Mwamba?" aliuliza Gael, mwenzake wa zamu, walipobaki peke yao katika kile chumba cha vioo.

"Nitaona."

"Utaona nini? Kule banakula nyama kila siku. Weye ubaki hapa unaosha muzee mpaka vidole vimalizike?"

Mwamba aliita lori lililofuata. Hakuwa amekasirika. Alifikiria kibanda cha kuogea, ndoo, kigoda na sabuni, halafu akafikiria wiki tatu. Kazi ya mizani ndiyo iliyonunua unga na kumsomesha Joyeuse, na kazi nyingine haikuonekana popote. Vijana kutoka kila pembe ya Kongo walikuwa wakichimba mashimo kando ya mji kwa sababu hiyo hiyo, na yeye alikuwa na umri wa baba zao.

Jioni alimpigia simu dada yake mdogo Agnès, aliyeolewa Kasaji, ambaye bado alimwita yaya, kaka mkubwa.

"Yaya, usiniambie nimukamate Tata hapa kwangu," Agnès alisema kabla hajaulizwa. "Nilimukamata, unakumbuka? Alisema baiskeli zinamupigia kelele. Baiskeli, yaya. Tulimutafuta tangu asubuhi, tukamukuta ku gare amekaa juu ya valizi yake ya nguo, anagombeza bantu ya treni kama vile ni ya kwake."

"Nakumbuka."

"Na sasa mukwe wangu mugonjwa njo analala mu chumba ya batoto. Nitamuweka Tata wapi? Juu ya ghala?" Sauti yake ilishuka. "Hata kama angekubali kukuya hapa kwangu, mi ni binti yake. Nitamuvua nguo?"

"Hapana."

"Bwana wa parokia yule aliyesema atasaidia?"

"Tata alimurushia sabuni."

Agnès alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ni Simone, yaya. Hakuna mwingine. Lakini Tata kwanza atoe ile haya. Kuku moja. Benzake banaitoa mbele hata mutoto wa kwanza hajazaliwa. Yeye anangoja nini?"

Mwamba alimuaga dada yake, akaenda kuteka maji ya asubuhi.

Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini akamkuta Simone ameketi kwenye ngazi ya jikoni, amebana kitambaa kilicholowa juu ya paji la uso. Chini ya kitambaa palikuwa na uvimbe mkubwa kama limau.

"Nani alikupiga?"

"Mulango."

Akamsimulia, kwa sauti ya mtu anayesimulia bei za sokoni. Mchana Joyeuse alikuwa shuleni. Mzee alikwenda kibandani peke yake, na Simone akasikia kitu kinaanguka, kisha fimbo ikigongagonga ukuta. Alitoka nje hadi barabarani kumtafuta mwanaume yeyote, asimpate. Wote walikuwa kazini au machimboni. Alirudi. Fimbo ilikuwa bado inagonga, lakini polepole zaidi. Basi akavua kitenge cha juu, akakifunga kichwani hadi kidevuni, uso wote ndani, akaingia kwa kupapasa. Ndipo chuma cha mlango kilipomgonga.

"Nilisimama. Sikujua yeye iko wapi. Niliogopa kumukanyaga."

"Halafu?"

"Halafu alisema, 'Kushoto.'"

Mwamba alikaa kando yake.

"Nikaenda kushoto. Akasema, 'Pole pole.' Nikaenda pole pole. Akasema, 'Simama.' Nikasimama, nikainama, mikono yake ilikuwa pale pale. Nikamubeba. Kutoka mule, njia yote mpaka ku kiti chake, ni yeye njo aliniongoza. Kuume, kushoto, ngazi, simama." Simone aligeuza kitambaa upande wa baridi. "Kama vile mi ni treni."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ambayo Tata Mathieu aliwahi kumwambia mkamwana wake moja kwa moja. Mwamba alielewa kwamba lilikuwa jambo kubwa. Alilielewa kama mtu anavyoelewa habari ya redio kuhusu mvua ya nchi nyingine. Alimtazama mkewe, uvimbe wake, kitenge kilichochafuka vumbi la ukuta, akataka kumwambia kitu, kisha akaingia ndani kumwona mzee.

Mzee alikuwa amejikongoja hadi kitandani, amelala chali, hakuumia. Hakusema lolote kuhusu Simone. Alisema kigoda cha kuogea kilikuwa kibovu na kwamba alikwisha kuonya.

Jumamosi Mwamba alikwenda kwa Mama Mianda, mjane wa safu ya nyuma aliyefuga kuku na kuwauza soko la Kapata, akachagua kuku jike mweupe, mnene, akamrudisha nyumbani miguu imefungwa. Alimweka mbele ya kiti cha mabomba.

"Tata, mi nitaitwa Fungurume. Nikienda, hakuna mutu wa kukuosha. Kuku njo hii. Mupatie Simone kwa mukono yako, haya iishe."

Mzee alimtazama kuku kwa muda mrefu. "Hii kuku ni ya nani?"

"Ni ya weye. Nimekununulia."

"Nani alinunua?"

"Mi."

"Basi ni ya weye. Mi nimupatie bibi yako kuku ya weye? Ni weye njo ulimuoa. Weye ulikwisha kumupatia bintu. Kuku ya bukwe inatoka mu mukono ya mukwe, ya kwake mwenyewe, si ya mutoto yake."

"Tata, ni kuku tu."

"Nitamudanganya na kuku ya watu, mbele ya bakubwa benye kufa?" Fimbo iligonga sementi. "Toa hii nyama hapa."

Joyeuse alikuwa akisuka nywele zake mlangoni, kioo kati ya magoti. "Basi mupatie ya kwako, bwana yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Ao huna hata kuku moja? Mi niliolewa na masikini?"

Ulikuwa utani wao wa kila siku, na kwa kawaida mzee angemjibu kwa utani mwingine mkali zaidi. Safari hii alitazama mikono yake juu ya fimbo.

"Tangu kampuni ilituaga ku kazi," alisema mwishoni, "onyesha kitu moja hapa ya kwangu. Hii shati, ni baba yako. Bukari, ni baba yako. Kuku za zamani zilikuwa za kambo yako mwanamuke, na alikufa nazo." Alisugua kichwa cha fimbo kwa kidole gumba. "Mama yako aliingia humu mwaka ule ule. Nimupatie nini? Nimupatie nini."

Simone alikuwa jikoni, na sauti ya kisu chake juu ya ubao ilikuwa imekoma. Mwamba alisimama na kuku mweupe mkononi. Miaka yote ile alidhani baba yake amekataa. Hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa amekosa. Alingoja kuona kama wazo hilo litamfanya ahisi kitu, huruma au hasira, lolote, na kuku akajipigapiga mkononi mwake, naye akamrudisha kwa Mama Mianda.

Jumatatu alimwambia mkuu wa kazi kwamba ataenda Fungurume. Alisema hivyo bila mpango wowote, kama mtu anavyoketi kwa kuwa miguu imechoka. Alipomweleza baba yake wakati wa kuoga, mzee alifumba macho kukwepa povu.

"Nenda. Mi nilikukataza?"

"Nani atakuosha?"

"Mvua," mzee alisema.

Wiki hiyo hiyo Mwamba alianza kusikia harufu mpya chumbani kwa baba yake, harufu ya manyoya na mavi ya kuku. Mwanzoni aliipuuza. Asubuhi moja aliinama kutafuta kandambili chini ya kitanda, na kitu kikamdonoa mkononi. Alishtuka, akamulika kwa simu. Ndani ya kapu la zamani la unga, juu ya nyasi kavu, alilala kuku jike wa rangi ya kahawia, amejitandaza, macho mekundu kwa ukali.

"Usimuguse," mzee alisema kutoka kitandani. "Analalia."

"Tata, hii kuku imetoka wapi?"

"Haikuhusu. Ikamate ile kandambili pole pole. Ukimufukuza, mayai yanapoa, na mi nitakufukuza weye."

Ni Joyeuse aliyemweleza, akiwa anaosha vyombo, huku akiigiza sauti zote mbili. Mzee alikuwa amemtuma amwite Mama Mianda. Pale Kapata, mwenye kuku wengi humpa mwenzake kuku anayeatamia amtunzie. Vifaranga wakitoka wanagawana. Ni wanawake na watoto ndio wanaofanya hivyo. Hakuna aliyewahi kumwona mwendesha treni wa kampuni akifanya.

"Mama Mianda alisema, 'Tata Mathieu, kuku ni yangu, mayai ni yangu, weye unatoa nini?' Kambo akasema, 'Mi nitatoa macho. Mu nyumba yako panya ziko kama mbwa. Mi silali, na nikilala nalala na fimbo.' Mama Mianda akacheka. Akasema, 'Moja kwa weye, zingine kwangu.' Kambo akasema, 'Mbili.' Mama Mianda akasema, 'Moja. Na mahindi yake?' Kambo akasema, 'Nitatoa mu bukari yangu.'"

Mwamba alikumbuka kwamba siku hizo mzee alikuwa akiomba mahindi yasiyosagwa badala ya bukari, na kwamba yeye alikuwa amempa akidhani ni kisirani kingine.

"Lakini kifaranga," alisema. "Mama yako atafanya nini na kifaranga? Haiwezi kupikwa."

"Nilimuuliza vile vile. Nilisema, bwana yangu, mutakula nini, manyoya? Alisema, 'Kupokea njo kunatoa haya. Kula ni kazi ya tumbo.'"

"Na zitatoka lini?"

"Mama Mianda alimuleta akiwa amekwisha kulalia siku mingi. Anasema Jumapili. Ao Jumatatu. Ao kuku mwenyewe njo anajua."

Jumatatu hiyo ndiyo gari la Fungurume lingepita alfajiri.

Tangu hapo watu wa nyumba walianza kutembea kwa kunyata. Mzee alikataa kutoka chumbani, isipokuwa kwenda kuoga. Alitaka kiti cha mabomba kiingizwe ndani, karibu na kitanda, na hapo aliketi na fimbo magotini, akilinda. Aliogeshwa kwa haraka, huku akigeuza shingo kusikiliza. Hakulalamika tena kuhusu maji. Mwamba alipogundua hilo, siku ya tatu au ya nne, alijikuta amesimama na kopo hewani.

"Maji iko sawa, Tata?"

"Maji ni maji. Harakisha."

Simone hakuzungumza juu ya kuku. Alifua mashati ya Mwamba, akayakunja ndani ya begi, akaweka na dawa ya malaria na kipande cha sabuni. Lakini Mwamba aliona kwamba alikuwa amekiondoa kitenge kile kilichochafuka siku ya kibanda, amekifua, akakipiga pasi, na kukitundika peke yake nyuma ya mlango wa jikoni. Uvimbe wa usoni ulikuwa umebaki alama ndogo ya kijani.

"Kama Tata hakutoa kifaranga mbele ya Jumatatu," Mwamba alimwambia, "mi sijui itakuwa namna gani."

"Atatoa."

"Na kama mayai yote ni mabovu?"

Simone alifunga zipu ya begi. "Alisema 'kushoto'," alijibu, kana kwamba hilo lilimaliza hesabu yote.

Jumapili baada ya misa, hakuna aliyetoka kutembea. Mama Mianda alipita, akajiinamisha chini ya kitanda, akasema joto ni zuri, akaenda zake akisema atarudi kwa fungu lake. Mchana ulikwenda. Nje vumbi la malori lilipanda na kushuka, kwaya ya Waprotestanti ilikuwa ikifanya mazoezi safu ya pili, na mzee aliamuru dirisha lifungwe kwa sababu sauti ya tatu ilikuwa inapotoka na ingemchanganya kuku.

Jua lilipoanza kulegea, mzee alimwita Mwamba.

"Ingiza mukono chini yake. Pole pole. Leta moja."

Kuku alimdonoa mara mbili. Mwamba alitoa yai, likiwa la moto, akampa baba yake. Mzee alilishika kwa mikono yote miwili, mikono ikatetemeka, yai likatetemeka nayo, akaliweka sikioni. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama zamani alipokuwa akisikiliza reli. Kisha akalirudisha.

"Shika. Unasikia?"

Mwamba alilishika kwa ncha za vidole. Hakusikia kitu. Ngozi ile iliyokunjamana ilikuwa imezeeka kwa maji. Hata chai ya moto aliishika bila kuona tofauti.

"Hapana, Tata."

"Si kwa vidole. Vidole vyako vimekufa, mi najua ni mi njo niliviua. Weka ku shavu."

Mwamba alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anatazama kapu. Mwamba akaliinua yai, akaliegemeza shavuni, akasubiri. Halafu, kwenye mfupa wa shavu lake, kitu kidogo kiligonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena, mara mbili, kwa ukaidi, kama mtu anayejua kwamba ndani kuna watu na wanachelewa kufungua.

Hakujua ni muda gani alibaki pale. Alipolirudisha chini ya kuku, shavu lake lilikuwa bado na joto, na aliliacha bila kulifuta.

"Ni ile," mzee alisema. "Ile ya kwanza njo ya kwangu. Mianda achukue zingine."

Uani yalisikika makofi mawili. Simone alikuwa analeta chai ya jioni, ambayo siku zote aliiacha nje ya mlango wa chumba, Joyeuse akaichukua. Mwamba alingoja mkwaruzo wa kiti. Joyeuse, aliyekuwa ameketi sakafuni karibu na kapu, naye aliinua kichwa kungoja.

Kiti hakikukwaruza. Mzee aliketi kama alivyokuwa, uso kuelekea mlangoni, mikono juu ya fimbo. Nje, nyayo za Simone zilikuja hadi kwenye kizingiti zikasimama. Kitenge kilichopigwa pasi kilionekana kidogo tu, ukingo wake, pembeni mwa fremu.

"Bibi yangu," mzee alisema.

"Bwana yangu."

"Ambia mama yako asiende mbali."

"Mama, kambo anasema..."

"Nimesikia," Simone alisema kutoka nje. "Ambia kambo niko hapa."

Begi la Mwamba lilikuwa limefungwa kando ya mlango. Giza lilikuwa bado halijaingia. Usiku wote ulikuwa mbele yao. Aliketi sakafuni karibu na binti yake, akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda ili sikio lake liwe karibu na kapu, na wote wanne, watatu ndani na mmoja kizingitini, wakanyamaza ili wasikie vizuri.